Chumba cha Nyuma kwa Kasiani

Jumamosi moja mwaka 1998, kaka yangu Kasiani alikuwa nyuma ya nyumba yake pale Ufukoni akikoroga zege. Redio inaimba, na mkewe Elizabeti anachambua mchele, tumbo limemtangulia. Walikuwa wanamwongezea chumba mtoto anayekuja.

Jirani yetu, Bi Mwanahamisi, alikuja na bakuli la unga. Yeye na kaka walishagombania kile kipande cha kiwanja mpaka kwa wapimaji ardhi, na kaka akashinda.

"Mwanangu," alisema taratibu, "hapo nimemlaza kichanga changu. Sisi tunawazika nyuma ya nyumba. Niache nimwage unga, nimwombe ahame."

"Uchawi wako peleka kwako!"

Kasiani akampokonya bakuli, akaumwaga unga wote kwenye zege, akalikoroga. Mtu wa kuja, hajui mila za watu, na kuuliza hataki! Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Bi Mwanahamisi hakutukana. "Basi umemkaribisha ndani," alinong'ona, akaondoka.

Gladness alizaliwa sakafu imeshakauka. Mchana mmoja nikamsikia analia, nikaingia. Alikuwa amelala fofofo. Kilio kilikuwa kinatoka chini.

Nikamwambia kaka. Akanicheka, eti mwangwi.

Kesho yake walilia wote wawili, mmoja kitandani, mmoja chini ya saruji. Wifi akapiga magoti, akaweka sikio sakafuni.

"Kasiani, bomoa."

"Sibomoi. Nina kibali."

Kibali! Mwanamke yuko magotini, yeye anataja kibali. Ningekuwa na nguvu ningemzaba makofi.

Kisha wa kitandani akanyamaza. Alinyonya. Alilala. Alitutazama. Hakulia tena. Wa chini alilia mchana kutwa, na wifi akanishika mkono.

"Huyu wa chini ndiye Gladness," alininong'oneza. "Mimi ndiye niliyemzaa. Sauti yake naijua."

Akachukua nyundo mwenyewe. Alipiga mpaka viganja vikachubuka, na kaka, uso umempauka, hatimaye akamsaidia. Zege likapasuka. Kilio kikakatika.

Chini kulikuwa na mchanga mtupu. Hakuna mfupa, hakuna sanda.

Wifi akambeba mtoto, akakimbilia kwa jirani. "Bibi, nirudishie wangu!"

Bi Mwanahamisi alitoka mlangoni. Yule mtoto alimnyooshea mikono, na bibi akaangua kilio.

Baadaye Kasiani alileta saruji aizibe sakafu. Wifi alisimama mlangoni na panga. "Thubutu," alimwambia. Kaka akairudisha saruji, na wala hakuomba radhi kwa mtu yeyote. Simsamehe.

Gladness sasa yuko darasa la sita, na hana mdogo wake. Kila mchana wifi huingia chumba kile, hujifungia, hulala kifudifudi juu ya mchanga. Wiki iliyopita nilimfulia nguo zake. Gauni lilikuwa limelowa kifuani, na yalikuwa maziwa.