Ujumbe kwa Kinyozi Aliye Ndani ya Gari

Mlioolewa, mliooa, na nyinyi ambao bado mnabishana rangi ya sare za harusi: kaeni hapa kidogo. Sitawachelewesha, mimi mwenyewe nina kazi zangu.

Nataka kuwaeleza habari za mdogo wangu na mumewe. Nyumba yao na yangu zinachangia ukuta, na ruhusa ya kusema wamenipa wenyewe. Mdogo wangu ni msimamizi wa usafi hotelini. Mumewe ni kinyozi. Wanaishi na mama yake kinyozi, ambaye mtaa mzima tunamwita Bibi. Bibi anavyompenda mkwewe, mgeni akija hudhani aliyezaliwa humo ni mdogo wangu, na kinyozi ndiye aliyekuja kwa ndoa.

Jumapili hiyo asubuhi ungepita pale ungewaonea wivu. Mashuka meupe kwenye kamba. Bibi juu ya kigoda anachambua maharage. Mdogo wangu yuko jikoni anakaanga vitunguu, dirisha wazi. Kinyozi analizunguka gari lao na ndoo ya maji ya sabuni, anapiga mluzi. Nyumba imetulia kabisa, na hapo ndipo penye shida. Ilitulia kwa sababu mke na mume hawakuwa wanasemezana.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa tinti. Kinyozi alibandika tinti nyeusi kwenye vioo vya gari hilo enzi za uchumba, akatamba nayo sana. Miaka ikapita, tinti ikageuka zambarau na kuvimba mapovu. Kuangalia nyuma kupitia kioo cha nyuma ilikuwa kama kuchungulia ndani ya chupa ya dawa. Mdogo wangu akalalamika, akalalamika, mpaka jioni moja, akirudisha gari nyuma, akagonga nguzo ya geti.

"Nguzo ilikuwepo tangu tuhamie," kinyozi akasema.

"Na macho ya gari lako yalikufa kabla hatujahamia," mke akamjibu.

Basi. Kimya kikaingia. Kinyozi anayeongea na vichwa vya watu kutwa nzima, kwake akageuka bubu. Na mdogo wangu nampenda, lakini akinuna, hata paka anapita kwa adabu. Wakaanza kutumiana ujumbe kupitia kwa Bibi. Mnaijua tabia hii, msinitazame hivyo.

"Mama, hebu muulize mwenye jiko kama leo kuna chai."

"Mama, mwambie birika lile pale, na mikono anayo."

Bibi akawa anakwenda na kurudi, na njiani anayapika maneno upya. Akifika kwa mwanawe: "Mkeo anasema inakuja, baba, vumilia kidogo." Akifika kwa mkwewe: "Mumeo anasema hajawahi kunywa chai kama yako." Halafu anakwenda kuichemsha yeye mwenyewe. Aliamini akiyatia maneno yao sukari ya kutosha, siku moja watacheka na yataisha. Alifanya hivyo kwa mapenzi, hilo nalijua.

Sasa Jumapili hiyo kinyozi alikuwa ameamua kuitoa tinti. Neno samahani lilimshinda kulitamka, akaona afadhali ashinde juani anakwangua vioo, mkewe aje aone mwenyewe. Mteja wake mmoja alikuwa amemweleza: unapulizia dawa ya kusafishia yenye amonia kwenye tinti, unafunika kioo kwa mifuko myeusi ya takataka, jua linapasha moto, gundi inalegea. Lakini mteja alisema pia milango iachwe wazi. Kinyozi akajishauri kivyake. Kama harufu ndiyo inayolegeza gundi, kwa nini niiachie ipotee? Akapulizia dawa vioo vyote kwa ndani, akavifunika kwa nje, akajifunga kitambaa puani, akaingia kiti cha nyuma na wembe wake, akavuta mlango ukajifunga. Alisahau kwamba milango ya nyuma ilikuwa na ile kufuli ya watoto. Ukishafungwa, kwa ndani haufunguki.

Harufu ikafika jikoni. Mdogo wangu dawa hizo ndiyo kazi yake. Hakuhitaji kuambiwa ni nini. Akachungulia dirishani, akaona gari limefunikwa kama maiti.

Hapa nataka mnisikilize vizuri. Kutoka jikoni mpaka kwenye gari ni hatua chache tu. Angeweza kupaza sauti. Lakini kumsemesha kwanza ni kushindwa, sivyo?

"Mama," akamwambia Bibi, "nenda kamwambie afungue milango yote sasa hivi. Ile dawa ni sumu mahali palipofungwa. Mwambie mimi nimesema aache upuuzi wake."

Bibi akainuka. Njiani akapima: nikimpelekea mwanangu neno "upuuzi", moto utawaka upya, na leo kidogo amepiga mluzi. Akagonga kioo juu ya mfuko mweusi.

"Baba! Mkeo anasema hongera kwa kazi. Usijichoshe sana."

Ndani wembe ukasimama. Kisha: "Kweli, mama? Mwambie ahsante! Mwambie namalizia kioo cha nyuma!"

Na sauti ya wembe ikaongeza kasi.

Mimi niliingia kuazima vibanio vya nguo. Nikauliza shemeji yuko wapi. Bibi akanionyesha gari kwa kidevu, anatabasamu. Nikasikia kikohozi, kisha kitu kinapiga mlango kwa ndani, polepole, kama mtu aliyechoka.

Mdogo wangu akatokea mlango wa jikoni. "Mama, ulimwambia?"

"Nilimwambia, mwanangu. Nilimwambia vizuri."

"Vizuri vipi?"

Bibi akainamia maharage yake. "Nilimwambia... unampa hongera."

Sijawahi kumwona mdogo wangu akikimbia hivyo. Alivuta mlango wa nyuma wa gari, na mumewe akamwangukia kifuani, macho yamefumba, machozi na makamasi yanamtiririka, anatafuta hewa haipati. Nikamshika miguu. Tukamlaza mbali na gari, nikaleta mpira wa maji, tukamwosha macho na uso muda mrefu. Bibi alisimama ameshika kichwa, anarudia jina la mwanawe la utotoni. Maharage yalikuwa yamemwagika yote.

"Vuta pumzi!" mdogo wangu alikuwa anamfokea. "Vuta, wewe mwanaume! Unataka kuniacha na nani? Vuta!"

Akakohoa. Akavuta. Akakohoa tena. Kisha, macho bado yamefumba, akasema kwa sauti ya mkwaruzo: "Mama... huyo anayenifokea ni nani?"

"Ni mimi, mjinga wewe!"

"Umenisemesha."

Mdogo wangu akaanza kulia, na katikati ya kilio akacheka. "Nimekusemesha. Usife."

"Samahani," akasema. Neno lenyewe, kwa kinywa chake.

Tulimpeleka zahanati. Daktari alimwekea hewa ya mashine, akamshikilia mpaka jioni, akatuambia kwamba kidogo tu zaidi angetukabidhi maiti. Bibi alilisikia hilo. Tulipotoka akawashika wote wawili mikono, akawaambia: "Kuanzia leo nimestaafu kazi ya posta. Mwenye neno na mwenzake amfuate."

Funzo

Ukikasirika na mwenzako, mkasirikie kwa mdomo wako. Ujumbe unaopitia kwa mtu mwingine haufiki kama ulivyotumwa. Anayewapenda ataupunguza ukali, asiyewapenda atauongeza, na siku ukali huo ndio uliohitajika kuokoa maisha, utakuwa umebaki njiani. Nanyi wazazi mnaotumwatumwa na watoto wenu wazima, kataeni. Hamuwasaidii, mnawazoesha.

Na wenye tinti kuukuu: maji ya moto ya sabuni, subira, milango yote wazi. Amonia haitaki kufungiwa mahali pamoja na mtu. Kama inakushinda, mpelekee fundi.

Humu ndani mnaponisikiliza, najua kuna mtu ana mwenzake nyumbani hamsemeshi tangu juzi. Inuka umfuate. Hata kama utaanza kwa kumfokea, anza.