Jina la Mdogo Wake Eddy

Habari ile Amélie aliisikia bombani asubuhi, kabla ya kwenda shule, na tangu hapo haikumtoka kichwani. Alikuwa amepanga foleni na bidoni lake la njano la kuchotea maji nyuma ya Pascaline, msichana wa darasa lao ambaye wazazi wake walitoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, Kongo. Pascaline alimwinamia akasema polepole, kama mtu anayetoa siri ya nyumbani:

"We Amélie, mama yako akizaa muangalie jina. Kule kituo cha afya wanafuta watoto kwenye liste ya wanaopewa unga. Ndugu wawili wakiwa na majina yasiyofanana, wanasema mmoja ni wa kuazima."

"Wa kuazima namna gani?"

"Si kuna wamama wanaazima mutoto wa jirani ili wapewe unga mara mbili? Basi sasa wanaangalia majina. Yasipoendana, wote wawili inje."

"Nani amekuambia?"

"Kila mutu anajua," alijibu Pascaline, akajitwika bidoni lake na kuondoka.

Ilikuwa mwaka wa 1996, wakati wa vita. Mwaka mmoja kabla, risasi zilikuwa zimewafukuza kina Amélie kutoka mtaani kwao, wakaja Buyenzi, mtaa mwingine wa Bujumbura, na godoro moja na sufuria mbili. Aliyewapokea ni Candide, fundi wa kupaka magari rangi, ambaye aliwapa vyumba viwili uani kwake bila kuuliza watakaa siku ngapi. Papa yake Amélie, Télesphore, alipata kazi katika gereji ya Candide iliyopakana na ua huo, akinyoosha milango ya magari iliyobonyea.

Amélie alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na alikuwa na ndugu mmoja tu, Eddy, wa miaka minne. Eddy alikuwa amekonda mno. Kila baada ya wiki mbili mama yao, Adélaïde, alimpeleka kituo cha afya kupimwa uzito, na huko walipewa mfuko wa unga wa uji. Mara ya mwisho muuguzi alimzungushia mkononi utepe wa kupimia wenye rangi, na kipimo kikasimama kwenye njano. Miezi mitatu nyuma kilikuwa kwenye nyekundu, rangi ya hatari. Unga ule ndio uliomvuta Eddy kutoka kwenye nyekundu, na nyumba nzima ilijua hivyo.

Sasa Amélie alianza kuyahesabu majina ya nyumbani kwao. Kama ilivyo kwa familia nyingi za Burundi, kila mtoto alipewa jina lake la Kirundi na hakurithi la baba. Papa alikuwa na lake, Amélie lake, Eddy lake. Hakuna hata mawili yaliyofanana. Jambo hilo halikuwahi kumsumbua kabla ya siku ile; sasa alitaka angalau jina la ubatizo la mtoto ajaye lifanane na la Eddy.

Mtoto wa kiume alizaliwa Jumapili. Siku mbili baadaye, mchana, walikaa uani kumtafutia jina. Mama alikuwa na njia yake ya kupima. Alisema jina si la kuandika tu, ni la kuita kila siku, na la huyu lazima liende vizuri na la kaka yake. Kwa hiyo alisimama mlangoni akaita kana kwamba chakula kimeiva.

"Eddy na Loïc, mukuje kula." Akatikisa kichwa. "Apana. Hilo linakufia mdomoni, halifiki hata barabarani."

"Jaribu Aloys," alisema Papa.

"Eddy na Aloys, mukuje kula."

"Mimi nakuja kula," alijibu Candide kwa utani kutoka gereji, na wote wakacheka.

"Freddy," Amélie alidakia. "Eddy na Freddy. Mama, sikia yanavyoendana."

Papa alicheka zaidi. "Ukimuita mmoja watakuja wawili, na ukitaka kumkemea mmoja utawakemea wote. Apana, binti yangu. Mtoto huyu amezaliwa katika nyumba ya mtu aliyetupokea. Ataitwa Candide."

Mama alirudi mlangoni, akaita mara ya mwisho: "Eddy na Candide!" Eddy alitokea mbio, mikono imejaa grisi. Mama akamtazama akatabasamu. "Huyu amesikia. Jina linafaa."

Amélie peke yake hakutabasamu. Alitaka kuwaambia habari ya bombani, lakini aliwaona walivyofurahi, kitu kilichokuwa adimu tangu walipohama, akanyamaza. Moyoni alisema atajua la kufanya.

Siku ya kumi baada ya kujifungua mama alikwenda kituo cha afya na watoto wote watatu. Kulikuwa na foleni mbili, moja ya kupima uzito na nyingine ya kadi za chanjo. Mama hakuwa na nguvu za kusimama mara mbili, akabaki na Eddy kwenye mizani, akamwambia Amélie amfungulie mtoto kadi. Amélie alisimama na kichanga mgongoni hadi mbele ya meza ya Mathilde, muuguzi mrefu mwenye miwani.

"Jina la mtoto?" aliuliza Mathilde.

Amélie alimtazama Eddy upande wa pili, akivuliwa shati, mbavu zote zikionekana.

"Freddy," alisema.

Mathilde aliandika. Kalamu haikusita hata kidogo. Mama, aliyesoma hadi darasa la tatu tu na asiyezoea maandishi ya hospitali, aliipokea kadi, akaikunja ndani ya plastiki na kuiweka kifuani. Wiki ileile Papa alikwenda ofisi ya serikali ya zoni pamoja na Candide kama shahidi, akarudi na karatasi ya kuzaliwa. Juu yake paliandikwa Candide.

Mwezi ukapita. Mtoto alipofikisha wiki sita walirudi wote wanne kwa chanjo, na mara hii mama alipaswa kuonyesha kadi pamoja na karatasi ya kuzaliwa ili naye aandikwe kwenye liste ya wanaonyonyesha. Karani wa unga alisoma karatasi, akasoma kadi, akarudi tena kwenye karatasi.

"Mama, huyu ni Candide au ni Freddy?"

"Ni Candide. Freddy ni nani?"

"Ndicho ninachokuuliza. Kadi ni ya Freddy. Sasa mtoto uliyembeba ni wa nani?"

Foleni ilianza kunong'ona. "Siku hizi wanaazima hata vichanga," alisema mwanamke mmoja nyuma, na mwingine akaguna, "Kitovu hakijakauka, tayari kinatafuta unga."

Mama alimkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili, akamwelekezea kidevu Mathilde kwenye meza ya kadi. "Nimemzaa mwenyewe. Huyu Madamu ndiye alikosea kuandika."

Karani aliweka kadi ya Eddy kando pamoja na ile nyingine. "Mpaka jambo hili lieleweke, wote wawili hawapati kitu." Kisha akamgeukia Mathilde. "Na wewe, kama unaandika majina ya kuota, nitalipeleka kwa mkubwa."

Mathilde aliichukua kadi, akaitazama. "Mkono ni wangu," alisema kwa utulivu. "Kama nimekosea, nimekosea. Lakini mtoto mwingine musimunyime unga."

Yote aliyoogopa Amélie yalikuwa yametokea, na hakuna aliyeyaleta ila yeye. Eddy hana unga, mama anaitwa mwizi, na sasa mtu asiye na hatia anajilaumu. Angeweza kukaa kimya. Hakuna aliyekuwa akimtazama.

"Si Madamu," alisema. "Ni mimi. Aliniuliza jina, nikamwambia Freddy."

Mama aligeuka taratibu. "Kwa nini, Amélie?"

Akaeleza yote, bomba, Pascaline, na majina yasiyofanana. Alipomaliza, karani alikunja mikono. "Mtoto anaweza kufundishwa la kusema."

"Basi tutafute mtu mzima," alisema Mathilde. "We binti, kimbia kamwite baba yako na shahidi wake. Tunawangoja."

Amélie alikimbia kupita gereji zote za avenue yao ya mafundi, akaruka mafuta yaliyomwagika, akawakuta wanaume wawili chini ya gari moja. Alirudi nao hata bila wao kunawa. Mikono ya Candide ilikuwa na rangi nyekundu hadi viwikoni. Karani alimtaka aandike saini yake, akailinganisha na ile ya kwenye karatasi ya kuzaliwa. Zilikuwa moja.

"Miaka hamsini ninalibeba jina hili," alisema Candide akifuta kalamu, "sikujua kama linaweza kufungia watu unga."

Hapo hata karani alicheka. Kadi mpya iliandikwa, mtoto akachomwa sindano akalia kwa sauti kubwa, na Eddy akapewa mfuko wake. Walipokuwa wakiondoka, Mathilde alimwita Amélie kando.

"Kwetu tumezaliwa sita, na hakuna wawili wenye majina yanayofanana. Kama tungewafuta watoto kwa sababu hiyo, nani angebaki Bujumbura nzima? Kweli kuna mama alikuja na mtoto wa jirani. Mtoto alimuona mama yake mzazi kwenye foleni, akamkimbilia. Basi, ni hilo tu. Mambo ya majina wameyaongeza wenyewe huko bombani."

"Nilitaka Eddy asifutwe," alisema Amélie.

"Najua, na kumpenda ndugu si kosa. Lakini ulimlinda kwa uongo, na uongo huo ndio uliokaribia kumfuta. Siku nyingine ukisikia neno la kutisha, njoo uniulize. Niko hapa kila asubuhi."

Nyumbani mama hakumpiga. Alimwambia achukue daftari la shule, akakaa karibu yake akinyonyesha, akamtajia ya kuandika moja baada ya jingine, bila haraka:

Usimpe mtoto jina kwa sababu ya hofu.

Usibadilishe jina ambalo wazazi wamechagua, hata kama lako linaenda vizuri zaidi.

Usiandikishe jina moja huku na jingine kule.

Usipokee karatasi bila kuisoma, au kumwomba mtu akusomee. Hili liandike, ni langu mimi.

Usieneze habari ambayo mwenye kuileta anasema kila mtu anaijua.

Usifiche hofu yako eti watu wa nyumbani wamefurahi.

Usimwache mwingine alaumiwe kwa kosa lako, hata kwa dakika moja.