Zamu ya Blažena

Habari hii rafiki yangu Blažena alinisimulia mara moja tu, huku akitazama mlango.

Mpiga kengele wa kijiji chao alikuwa amelazwa hospitali, akaachiwa yeye ufunguo wa kikanisa cha kando ya bwawa. Kengele yenyewe ni ndogo; wakati wa vita ilizamishwa bwawani ili askari wasiichukue kwenda kuiyeyusha watengeneze silaha, na vita vilipokwisha ikaopolewa.

Kwao, jioni ya Novemba giza huingia mapema. Blažena alipiga kengele ya jioni, akatundika kamba ya kuivutia msumarini, akafunga mlango. Jirani yake Zdena alikuwa akimngoja nje, penye jiwe la majina ya waliokufa vitani.

"Umevuta kama unakamua mbuzi!" Zdena akamcheka.

Hapo kengele ikalia tena, polepole, mlio wa msiba. Pale kijijini kila mtu anaujua: vipindi vitatu kwa mwanamume, viwili kwa mwanamke. Blažena akachungulia dirishani kwa mwanga wa taa ya barabarani. Kamba ilikuwa palepale msumarini, imetulia tuli.

Kipindi cha kwanza kikaisha. Cha pili kikaisha. Wakangoja cha tatu, wakasikia maji tu yakigonga ukingo wa bwawa.

"Mwanamke," Blažena akanong'ona. "Zdena, aliyekufa ni nani?"

"Si wewe mwenye ufunguo, shoga? Basi ni wewe." Zdena akajitia kucheka. "Mie siwezi kufa leo, nina keki jikoni, sijamaliza."

Kengele ikaanza upya. Kipindi cha kwanza. Kipindi cha pili. Kisha ikanyamaza: wanawake wawili, na pale nje walikuwa wao wawili tu.