Mashine ya Presha ya Mama

"Mwache apande ndege."

Sauti ya Mkuu ilikwaruza kwenye kidude kilichofichwa sikioni mwa Sindano.

"Binti apande na mzigo. Tutamnasa mpokeaji huko huko."

"Na binti?"

"Atajieleza mahakamani."

Sindano alivuta nailoni, akazungushia begi la abiria. Leo alikuwa mfunga mabegi wa uwanja wa ndege: ovaroli ya kijani, bastola ya Glock 19 kiunoni, tabasamu la kuombea bakshishi. Ujasusi una vyeo vingi. Vingi havina kiti.

Binti alikuwa wa tatu kwenye foleni. Wenzake walimwita Kitinda, maana kwao ndiye kitinda mimba. Alikuja kusomea uuguzi muhula mmoja. Miezi ya baridi, chumba cha hosteli kinachotazamana na ukuta, chakula cha makopo, na kila jioni simu nyumbani.

Sindano alizisikiliza simu zote, hata zile za ndugu wenyewe kwa wenyewe.

Ndiyo maana alijua asichokijua binti mwenyewe. Mama yake alikuwa ameshazikwa.

Familia ilikaa kikao, ikaamua: mtoto amalize mitihani kwanza. Kila alipopiga, shangazi alipokea. "Mama amelala, mwanangu." "Mama anaoga." Siku moja akasema mama kaenda harusini, na Sindano, mtu aliyewahi kung'olewa kucha bila kuguna, akavua vidude masikioni, akatoka nje kuvuta pumzi.

Begini mwa Kitinda mlikuwa na mashine ya kupimia presha. Ndani ya mashine, vidude vya kielektroniki vya kuongozea makombora, vilivyoibwa maabara ya jeshi.

Mwenye mzigo alisimama juu, kwenye roshani ya kuagia wasafiri, akipunga mkono.

Mjomba.

Hakuwa mjomba wa mtu. Alikuwa bwana wa makamo aliyewapokea wanafunzi wageni, akawapa makoti, akawapikia Jumapili. Ugenini, anayekuvika koti ni ndugu, na mzigo wa ndugu haukaguliwi. Mizigo yenyewe ililetwa na dereva wa teksi. Mjomba hakuwahi kukutwa na kitu mkononi.

"Funga vizuri, kaka," Kitinda alisema. "Kuna mashine ya mama humo. Fundi wa Mjomba atanipokea aipime kwanza. Maana mama akiniona nilivyokonda, presha itapaa!"

Akacheka.

"Itoe, mdogo wangu," Sindano alinong'ona. "Mrudishie mwenyewe. Ina kitu cha kukufunga maisha."

"Umelewa? Hii ni ya mama!" Akalikumbatia begi.

Juu kule, mkono ulikoma kupunga.

Angetoa kitambulisho cha kazi, Mjomba angeyeyuka. Sindano alibakiwa na silaha moja, na haikuwa ile ya kiunoni.

"Mama hana haja nayo tena," alisema taratibu. "Shangazi alikuficha mpaka umalize mitihani."

Kitinda alimkodolea macho.

"Harusi," alinong'ona. "Mama na harusi wapi na wapi. Nilijua. Nikakataa kujua."

Hakulia. Alifungua begi, akatoa boksi, akapanda ngazi.

"Mjomba, chukua. Mama hana presha tena."

"Weka chini, mwanangu. Hapo chini..."

Alimsukumia kifuani. Boksi likayumba, na mikono isiyowahi kushika mzigo ikalidaka.

Chuma baridi kikamgusa Mjomba kisogoni.

"Usiiangushe, Mjomba," alisema Sindano, aliyepanda kwa ngazi ya nyuma. "Zawadi haitupwi."

"Sindano!" Mkuu alifoka sikioni. "Nani kakuruhusu?"

"Mzigo uko mikononi mwa mwenyewe, Mkuu. Leta pingu."

Askari walipomwondoa Mjomba, Kitinda alikuwa ameketi sakafuni, tiketi mapajani.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku yenyewe."

"Na kila jioni ukanisikiliza ninavyocheka?"

"Ndiyo."

Alitikisa kichwa kama nesi aliyesoma kipimo kibaya.

"Basi nenda, kaka. Wewe nenda tu."

Sindano alivaa Ray-Ban yake, akashuka ngazi bila haraka, akapita mlango wa kioo. Nje mvua ilikuwa ikinyesha. Watu walimpisha, wakinong'onezana: huyo naye, maringo gani ya miwani ya jua mvuani.