Nyama Iliyooza Siku ya Harusi Yangu

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka sitini na kitu, na hadi leo siwezi kukaa kwenye mgahawa nikaagiza chakula. Nikiwa safarini na njaa imenishika, nanunua ndizi na karanga, nazimenya mwenyewe. Watoto wa kaka yangu wananicheka, wanasema shangazi ana maringo. Leo nataka kuwaeleza sababu yake, ingawa nikianza tu kukumbuka mate yananijaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika.

Nilizaliwa mji wa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika. Wakati wa mkasa huu nchi ilikuwa bado inaitwa Zaire, na mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Baba yangu alikuwa mwashi. Mama alilima mihogo na kuuza sombe, majani yake, sokoni. Alikuwa na mdogo wake mmoja tu wa kike, ambaye mji mzima ulimwita Mama Faida. Mimi nilimwita mama mudogo. Alinibeba mgongoni nilipokuwa mchanga, na ndiye aliyenisuka nywele mpaka nikawa msichana mkubwa. Nilimpenda kuliko ndugu wengine wote.

Sokoni palikuwa na nyumba kubwa ya bati ya mfanyabiashara mmoja mgeni. Mbele ilikuwa duka, nyuma mgahawa. Serikali ilipowanyang'anya wageni maduka yao na kuwapa wenyeji, nyumba ile ikaangukia mkubwa mmoja wa chama tawala aliyekaa mji wa Fizi. Sisi tulimwita Citoyen tu, yaani Raia. Alifika na abakosti yake mpya, ile suti ya wakubwa isiyo na tai, akapita kati ya rafu, akacheka, akapanda gari akarudi kwake. Kazi yote akamwachia mama mudogo, kwa sababu mama mudogo alikuwa hawara yake, biro yake ya pili, kama tulivyosema wakati ule.

Mwanzoni tulifurahi. Si ndugu yetu amepata? Lakini baada ya muda mfupi duka lile likawa aibu.

Ukienda kutafuta chumvi, unasimama mbele ya meza mpaka miguu inakufa ganzi, na mama mudogo yuko palepale anapaka rangi kucha. Ukimwita anainua jicho moja. "Unaona mi niko mutumishi wako?" Ukitaka sabuni, lazima uchukue na samaki wa kopo waliovimba, la sivyo sabuni hakuna. Sukari ilikuwa na mende ndani. Mtu akirudisha kitu kibovu, mama mudogo anamuuliza kwa sauti, ili duka zima lisikie, kama anataka jina lake lipelekwe kwa Citoyen. Nani angejibu? Watu walifunga midomo, wakachukua mende wao wakaenda nyumbani.

Na mgahawa... Mungu anisamehe. Kitambaa kilichofuta meza ndicho kilichofuta sahani, na nilikiona kwa macho yangu kikifuta pua ya mtoto. Nzi walikuwa wengi hadi huoni rangi ya wali. Friji ilikuwa ya petroli, yaani mafuta ya taa, mali ya yule mgeni, lakini petroli ilipokosekana iligeuka kabati la kawaida. Nyama ilikaa mle ndani gizani, mlango umefungwa, mtu akiamini iko kwenye baridi. Ukifungua, harufu inakupiga usoni.

Mnaniuliza basi kwa nini chakula cha harusi yangu kilipikwa pale? Swali zuri. Hata mimi nimejiuliza miaka yote hii.

Mchumba wangu aliitwa Wilondja, mwalimu wa shule ya msingi, kijana mpole, mwana wa familia inayoheshimika kanisani. Tulipendana kweli. Baba yake alinunua ng'ombe kwa wafugaji wa milimani, na ng'ombe huyo akachinjwa siku ya Alhamisi. Harusi ilikuwa Jumamosi. Mama mudogo akaja nyumbani kwetu, akaketi karibu na mama, akaanza kulalamika. Alisema harusi ya mtoto aliyemlea haiwezi kupikwa na watu wa nje. Alisema amepata petroli, friji inafanya kazi, na ana sufuria kubwa za kutosha wageni wote. Tukikataa, tunamwaibisha mbele ya mji.

Mama alikubali. Wakwe wakakubali kwa ajili ya mama. Nyama ikapelekwa.

Asubuhi ya Jumamosi, watu wakiwa kwenye salongo, kazi ya lazima ya serikali, wanafyeka majani ya barabara, moyo wangu haukutulia. Nilijifunga kitenge kichwani nikaenda mgahawani. Mama mudogo hakuniona, alikuwa dukani anagombana na mtu. Nilipita nyuma, jikoni. Sufuria zilikuwa motoni, na Mama Asha, mpishi wa pale, alikuwa anakoroga. Aliponiona akaangalia chini.

Nikafunua sufuria. Harufu iliyotoka sitaisahau. Ilikuwa nyama iliyoanza kufa mara ya pili, imefunikwa kwa pilipili na limao. Povu lake lilikuwa la kijani.

Mama mudogo akaingia. Nikamwambia nyama imeharibika.

"Nani alikuambia bibi arusi anaingia mu jikoni?" akasema. "Ile iko harufu ya ng'ombe ya mulima. We unajua nini?"

"Mama mudogo, inanuka. Bakwe batagonjwa."

"Unataka kunipatisha haya? Mi nilikubeba mu mugongo. Enda uoge."

Nilikimbia nyumbani nikamwambia mama. Mama akasema mdogo wake hawezi kututendea ubaya, na kwamba siku ya leo si siku ya kugombana. Nilisema tena. Akaniambia niache. Wanawake wakaja kunipamba, na mimi nikavalishwa.

Baada ya kanisa tulienda kwa wakwe. Watu wa upande wangu walikuwa wamekula kwetu. Mimi na Wilondja tuliwekwa chumbani, tukaletewa kuku wa maharusi ambaye mama alimpika mwenyewe. Nje, sahani zikazunguka. Nilisikia vicheko, ngoma, vijiko...

Kabla jua halijazama wakaanza kutapika. Kwanza watoto, halafu wazee, halafu uwanja mzima. Watu walikuwa wanainama ukutani, wengine wanakimbilia migombani wakiwa wamevaa nguo zao za kanisa. Nyanya yake Wilondja, bibi mzee ambaye asubuhi alinipaka mafuta mikononi na kuniita muke yake, alilazwa kwenye mkeka. Hakuamka. Alizikwa Jumatatu.

Je, mnajua kule kwetu watu wanasema nini wageni wakila pamoja na kuugua pamoja? Hawasemi nyama. Wanasema sumu.

Na nani hakula ile nyama? Bibi arusi, na watu wa kwao.

Tuliitwa kwa chifu wa mtaa, familia zote mbili. Mama mkwe alikuwa ameshikiliwa na wanawake wawili, macho yamemvimba. Mimi sikuogopa, nilijua mama mudogo yupo na ataeleza. Hata kama ataficha habari ya friji, nilifikiri, hawezi kuniacha nibebe jina la mchawi. Alisimama akiwa amevaa kitenge kipya chenye picha ya chama. Chifu akamuuliza kama kuna mtu wa nje aliyegusa chakula.

Hakuniangalia.

"Mi siwezi kudanganya," akasema. "Huyu mutoto alikuyaka asubuhi peke yake mu jikoni. Alifunua sufuria. Mi nilimufukuza. Vile alifanya kabla mi nifike, Mungu ndiye anajua."

Wasomaji wangu, nimezaliwa mara moja na nimekufa siku ile. Mama yangu aliinuka, akatoka bila kumuaga mtu, na nilimsikia nje akilia kama mtu aliyekatwa. Chifu akamgeukia Mama Asha. Mama Asha alitazama kitenge cha mama mudogo, akasema yeye alikuwa anakoroga tu, hakuona kitu.

Wilondja aliomba kusema nami pembeni. Nilifurahi. Nilidhani anakuja kunishika mkono.

"Niambie tu kweli, sitakasirika," akasema polepole. "Ulitia nini mu nyama?"

Nilimpa kisogo. Nilikuwa mke wake wa siku tatu na hajanilaza hata usiku mmoja nyumbani kwake bila kilio cha msiba. Baba yangu akarudisha mahari, na mimi nikarudishwa pamoja na sanduku langu la nguo ambazo sijavaa. Njiani wanawake niliowajua tangu utoto waliwavuta watoto wao nyuma yao. Sokoni hakuna aliyenunua tena sombe ya mama. Nani atakula jani lililoguswa na mkono wa mtu wa sumu? Kaka yangu alikuwa anakaa Kazimia, mbali kando ya ziwa, akaja kunichukua.

Na mgahawa? Uliendelea. Watu walewale waliotapika walirudi kuketi pale, kwa sababu mwenye sumu amepatikana na si sahani zake. Hilo ndilo linalonichukiza zaidi hadi leo.

Ukweli ulitoka wakati Citoyen alipompata msichana mwingine, mdogo zaidi. Mama mudogo akatolewa dukani na vitu vyake vikatupwa nje kwenye vumbi. Ndipo Mama Asha, ambaye hakuwa na mtu wa kumwogopa tena, akapanda mtumbwi wa abiria hadi Kazimia kunitafuta. Alikaa uani kwetu, akakataa hata maji, akasema mbele ya kaka yangu na majirani:

"Nyama ya ng'ombe yenu batu ba chama ba Uvira ndio balikula. Balifika Ijumaa na Citoyen, akasema bapikiwe vizuri. Yenye tulipikia harusi ilikuwa ya zamani, ilibaki mu friji bila moto. Mama Faida alisema tuioshe na chumvi. Mi nilitoa mafunza na mikono yangu, mutoto yangu. Hii mikono."

Aliionyesha. Nilikimbia nyuma ya nyumba nikatapika mpaka nikaishiwa nguvu.

Mama Asha alirudia maneno hayohayo Baraka, kwa chifu na kanisani. Mama mudogo alikuwa ameshavuka ziwa kwenda Kigoma. Hajaniomba msamaha hata siku moja, wala hajatuma salamu. Mama alikufa bila kutaja tena jina lake.

Wilondja alikuja Kazimia na baba yake mdogo. Alikuwa amekonda. Alisema familia yote inaomba nirudi, na kwamba yeye hajaoa. Nilimsikiliza hadi mwisho. Nilikuwa bado nampenda, sitawadanganya. Nikamuuliza swali moja tu, kama nyanya hakusikia harufu ile.

"Alisikia," akasema. "Alisema hii nyama inanuka. Mama akamwambia akule tu, asiaibishe bakwe. Banyingi balisikia. Hata baba."

Basi walijua. Uwanja mzima ulinusa, ukatafuna, ukameza kwa heshima, kisha ukaja kuniuliza mimi nilitia nini. Nilimwambia Wilondja aende salama. Sikurudi, na sijaolewa tena. Nimelea watoto wa kaka yangu, nimefanya biashara ya mafuta ya mawese, na Mungu hajaninyima. Lakini nyumba yangu ningependa kuwa nayo, na wanangu pia.

Nawasihi, ninyi mnaosoma haya, hasa vijana. Mkiwekewa sahani inayonuka, irudisheni. Irudisheni hata kama anayewapa ni shangazi, ni mkwe, ni mtu wa chama, ni mtu wa kanisa. Mtaitwa wenye kiburi. Mtatukanwa mbele ya watu. Vumilieni hayo matusi, yanaisha jioni hiyohiyo. Mimi nilisema mara mbili, nikanyamazishwa mara mbili, na bibi mzee aliyesema mara moja akaambiwa ale.

Alikula. Tukamzika Jumatatu.