Nusu Yangu, Nusu Yako

Gogo lilijibu kabla ya kuulizwa.

Mchongaji alikuwa na mazoea yake. Kabla ya kutia patasi, hugonga gogo kwa kidole na kuliambia, "Tugawane. Nusu yangu, nusu yako." Mti utoe umbo, yeye atoe mikono. Mkewe, fundi cherehani, alimcheka miaka yote. "Utakuja kujibiwa wewe, tuone utakimbilia wapi."

Gogo hili lilitoka halmashauri. Wakubwa waliukata mti wa uani kwao, ambao wafagiaji walikataa kupita chini yake, kisha Kamati ya Sanamu ikaazimia achongwe mwenyekiti mstaafu akitafakari, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya.

Mchongaji akagonga: ko, ko. Ndani pakagongwa: ko, ko.

"Bungua hao, wadudu wa mbao tu," akajiambia, akatamka maneno yake kama kawaida.

Tangu hapo mti ukawa mbishi. Akitaka pua pana ya mwenyekiti, unabanduka na kubakiza nyembamba. Karakana ikanuka udongo mbichi, kama kaburi lililofukuliwa. Alipomaliza sikio, akaliona lina matundu mawili ya hereni, kama la mkewe. Jioni hiyo mkewe hakusikia alipoitwa upande huo. Ulipotokeza mdomo, mkewe alinyamaza katikati ya sentensi. Midomo yake ikaungana, laini kama goti.

Mchongaji akatupa patasi. Patasi ikaendelea bila yeye.

Akamwita shangazi yake, mtoa majini mwenye leseni halali, ambaye wizara ilimsajili chini ya "Huduma Nyinginezo."

"Ulimwambia nini huyo jini wa mti?" shangazi alinong'ona mlangoni.

"Maneno ya kazi tu, shangazi. Tugawane nusu kwa nusu."

"Nusu ya nini?"

Mchongaji akageuka kulitazama gogo.

"Mmegawana bila kusema mnagawana nini? Hata halmashauri haifanyi hivyo! Haya, taja kitu chako mwenyewe, upesi. Akimaliza macho, mkeo ndiyo basi tena."

Vumbi la mbao lilikuwa likianguka lenyewe, na patasi ilikuwa imeshafika kwenye kope, na nyuma yake alimsikia mkewe akipapasa ukuta kwa kucha, akihema puani kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kuhemea, naye mchongaji akauweka mkono wake wa kushoto juu ya uso ule wa mti, uliokuwa na joto kama la mtu mwenye homa, akasema, "Chukua huu, umwache."

Gogo likapasuka. Mkewe akapiga ukelele, kisha, kwa kuwa ndivyo alivyo, akauliza nani ataifagia sakafu.

Kamati ilipokea gogo lenye ufa na kuridhika kwamba limefanana na mhusika.

Mkono haukuuma. Uliingia ubaridi tu, ukawa mzito. Wiki zikapita.

Mchana mmoja wa joto, mkewe akiwa amejilaza, alihisi dole gumba likimpima uso: toka nyusi hadi puani, toka puani hadi kidevuni, kama mumewe apimavyo kabla ya kuchonga.

"Niache nilale, bwana."

Akasikia mumewe akikoroma kando yake. Harufu ya udongo mbichi ikajaa chumbani. Dole likatulia juu ya kope lake, na kidole kingine, kigumu, kikamgonga kwenye paji la uso, kwa adabu, kama fundi anayeanza kazi: ko, ko.