Mzigo wa Kupeleka kwa Papa

Simama pale Pinetown, nje kidogo ya Durban, karibu na maduka ya simu, uulize Urbain ni nani. Hata mwizi atakuonyesha. Ni mimi. Shule niliiacha mapema kwa sababu walimu walikuwa wanachelewa kunielewa. Sasa natengeneza skrini za simu, nauza vifuniko, na mdomo wangu haujawahi kufungwa na mtu.

Kwa hiyo ukinisikia nasema niliogopa, ujue kitu kilikuwa kitu.

Jioni ile nilitoka dukani kwenda kuchukua viatu vya Tantine Constance kwa fundi, nyuma ya kituo cha taxi, zile daladala za huku. Viatu vyeusi vya ngozi, vya kutembelea bustani. Si bustani ya jirani, ndugu yangu. Bustani ya Papa wa Roma.

Castel Gandolfo. Sema polepole, usijiume ulimi. Ni jumba lililo juu ya mlima, ambako mapapa wanaendaga kupumzika Roma ikichemka kwa joto. Zamani mtu kama wewe ulikuwa huingii. Siku hizi wamefungua, unanunua tiketi kwa simu. Nani alinunua? Nilipanga yote kwa kidole kimoja: asubuhi treni, kisha bustani, kisha jumba, kisha kula. Iko hadi ng'ombe wa Papa pale, wanakamuliwa kama ng'ombe wengine. Na papa aliyeanza kulijenga jumba aliitwa Urbano. Urbano! Nikamwambia Tantine, "Tunaenda kuangalia nyumba ya familia."

Tantine hakucheka. Yeye ni mdogo wa marehemu mama, ndiye aliyenilea. Anasuka nywele kwenye saluni moja Sydenham, na Jumapili anaimba sauti ya pili. Miaka yote alikuwa anataka kitu kimoja tu. Chini ya jumba lile kuna ziwa, limezungukwa na milima, kama ziwa letu la Bukavu, kule Congo, ambako yeye hawezi kurudi. Picha yake aliiona kwa masista akiwa mtoto.

"Nataka niangalie ziwa toka juu," aliniambia. "Mara moja. Bila kuambiwa nivuke."

Akanipa na sheria, ile ya watu wote wa kwetu: safari haitangazwi. Unanyamaza, unapanda ndege, ukifika ndipo unapiga simu useme niko huku. Ukitangaza, wenye macho mabaya wanakuwekea kitu njiani.

Mimi? Niliweka picha ya jumba kwenye status wiki nzima. Nilimwambia kila mteja. Nilimwambia Jebet, yule Mkenya wa chuo anayekuja kununua chaja asizozihitaji, nadhani kwa sababu yangu.

"Wewe uende kwa Papa?" alisema. "Watakufunga zizini na ng'ombe."

"Nitakuletea maziwa," nikamjibu.

Na bado ningetangaza. Nasema wazi. Mtu akikupangia baya, ubaya ni wake, si wa mdomo wako.

Bon. Fundi alinipa viatu, nikavitia kwenye plastiki, nikaelekea kwenye taxi. Umeme ulikuwa umekatika. Robot, taa za barabarani, zimekufa, magari yanapigiana honi, giza linashuka bila kuomba ruhusa. Mbele ya duka moja lililofungwa kuna benchi la chuma. Nalipita kila siku.

Harufu ndiyo ilinisimamisha.

Sambaza. Wale samaki wadogo wa ziwani, wabichi, pamoja na tope. Pinetown hakuna ziwa. Pinetown kuna viwanda.

"Kijana..."

Mwanamke alikuwa amekaa pale benchini. Kitenge kimelowa. Nywele zimelowa, zinadondosha... tone... tone... Na mvua ilikuwa haijanyesha siku nyingi.

"Ni wewe ule mwenye kwenda kwa bustani ya Papa?"

Kiswahili cha kwetu kabisa. Nikajua ni mama wa kikundi cha sala, ameona status yangu. Nikanyoosha shingo.

"Ni mimi mwenyewe, mama. Unataka nikusalimie Papa?"

"Nataka unipelekee mzigo."

Hapo unielewe. Kwetu msafiri ni posta. Kila mtu anakupa kitu: unga, dawa, suruali ya mtoto wa shangazi. Ukikataa, umemwambia mtu usoni kwamba wewe ni mchoyo. Na mimi, pamoja na kasoro zangu zote, mchoyo siyo.

Alitoa kifurushi toka mapajani. Kitambaa kilichofungwa kwa kamba, ukubwa wa mikate miwili.

"Utaacha pale bustanini. Mahali pakavu. Pale ziwa linaonekana, lakini maji hayafiki."

"Ndani kuna nini?"

"Usifungue. Utabeba?"

"Mama, mimi nimepandisha friji ghorofani peke yangu. Lete."

"Sema ndiyo."

"Ndiyo."

Akapumua kama mtu anayetua ndoo.

Kifurushi kilikuwa na joto. Joto la mtu. Niligeuka kuangalia kama taxi yangu inaondoka, nikarudisha macho.

Benchi tupu.

Na kavu.

Ndani ya taxi gogo mmoja aliinuka akanipisha kiti. Bibi kizee, anisimamie mimi! Nikasema labda ananijua kwa sifa.

Nyumbani nilikitia kifurushi sandukuni, nikafunga zipu bila kumwambia Tantine. Nikala. Nikajilaza. Usingizi ulipokuwa unakuja, nikasikia...

Chubwi.

Kimya.

Chubwi... chubwi...

Kama kasia majini. Ndani ya fleti, Sydenham.

Nikaongeza sauti ya muziki.

Asubuhi Tantine aliniita kwa sauti ndogo. "Urbain. Kuja uone miguu yangu."

Vidole vilikuwa vimejikunja, vimepauka, kama vya mtu aliyeshinda mtoni anafua. Baridi mpaka kwenye vifundo. Nikamfuta kwa taulo. Maji yakarudi. Nikamfuta tena. Yakarudi. Shuka kavu, godoro kavu, miguu inatiririka.

"Sisikii sakafu," alisema.

Kliniki walimpima, wakampa vidonge vya presha, wakaturudisha. Nilipitia dukani kuomba ruhusa, nikamkuta Jebet mlangoni amenuna.

"Kumbe una mtoto," alisema.

"Mtoto gani?"

"Usijifanye. Jana nilikuona kwenye taxi. Umembeba vibaya, kichwa kinaning'inia, analia hadi watu wanageuka, na wewe uko kwa simu tu. Gogo wa watu amekupisha kiti, hata asante hukusema. Mama yake ako wapi?"

Nikataka kumtania. Mdomo ukafunguka, hakikutoka kitu.

Mdomo wangu. Huu huu.

Nilikimbia nyumbani. Mzee Salvator, kiongozi wa kwaya yetu, alikuwa amesimama karibu na kitanda cha Tantine, rozari mkononi. Baridi ilikuwa imeshafika magotini. Na sakafuni, upande wa miguu, palikuwa na kifurushi. Nikaenda chumbani kwangu kuangalia sanduku. Zipu imefungwa vilevile nilivyoifunga.

"Ni wivu," mzee Salvator aliniambia. "Na ni huu mdomo wako! Vunja safari, kijana. Leo. Andika kwenye hiyo simu kwamba hamwendi tena. Wakiona mmeanguka, watamwachilia."

"Sivunji."

"Unataka afe?"

"Nataka aende. Ameliota ziwa lake tangu mtoto, leo nimnyang'anye ili wachawi wasio na nauli wafurahi? Hapana, mzee. Sali kama unasali."

Tantine alikuwa anaangalia kile kitambaa. Uso wake ukawa mdogo, mdogo, kama wa msichana.

"Nani amekupa hii?"

Nikamweleza. Benchi. Maji. Sambaza.

"Ulisema ndiyo?"

"Nilisema."

Akafunga macho.

"Na mimi nilisema ndiyo," alinong'ona. "Ile siku ya kukimbia. Mtumbwi umejaa, umeshasukumwa. Mwanamke ameingia majini mpaka kifuani, amenipa hii hii. 'Nishikie. Nipelekee mahali pakavu.' Nikashika..."

"Ukafikisha wapi, Tantine?"

Akaifungua mikono yake miwili, akaiangalia. Mitupu.

Mzee Salvator aliacha kusali.

Chubwi...

Tulisikia wote watatu.

Niliinama nikakiokota kifurushi. Safari hii niliweka mkono chini ya kichwa. Usiniulize nilijuaje upande wa kichwa ni upi.

Jua lilikuwa linaingia nilipofika Pinetown. Alikuwa pale. Watu wanalizunguka benchi bila kumwangalia, kama unavyokwepa shimo la barabarani ulilolizoea. Miguu yangu ilitaka kurudi Sydenham. Nikaikatalia.

"Sikia, mama," nikasema. Kwa sauti, mimi sijui kunong'ona. "Mwenye kusema ndiyo ni mimi. Tantine umuachilie."

"Yeye alitangulia kusema."

"Yeye alikuwa msichana kwenye mtumbwi, watu wanapiga risasi. Mimi nilisema ndiyo nimeshiba, nimesimama pakavu, najichekea. Ndiyo ya nani ni nzito?"

Tone... tone...

"Safari iko palepale. Nimeitangaza Durban yote, unafikiri nitakubali wanicheke? Mtoto wako nitampeleka. Nitamtafutia mahali pazuri kuliko pa maaskofu. Lakini nikishika tena mguu wa Tantine nikute baridi, namrudisha hapa hapa benchini. Utatafuta mwingine mwenye tiketi."

Foleni ya taxi iligeuka. Mtu mmoja akasema, "Eish, huyu." Sikujali.

Mwanamke aliinua uso. Macho yake sitakueleza. Nilijaribu kumweleza Jebet nikashindwa. Ni kama umeinama ukingoni mwa mtumbwi unaangalia chini... na chini hakuna mwisho. Basi.

"Maji lazima mtu ayashike," alisema taratibu. "Hayakai bila mtu."

"Nipe mimi."

"Unajua unasema nini?"

"Mama, tangu lini mimi nimejua ninachosema? Nipe."

Akacheka. Nakuapia alicheka, kicheko cha msichana. Akanyoosha kidole, akagusa kitambaa pale ambapo pangekuwa na paji la uso. Kidogo tu. Kama mtu anayeogopa kuamsha.

Taxi ikapiga honi nyuma yangu, nikapepesa macho.

Benchi kavu.

Niliporudi, Tantine alikuwa amesimama jikoni, pekupeku, anakanyagakanyaga sakafu na kulia. Akanikumbatia. Kisha akanitazama, na macho yake yakashuka taratibu mpaka kwenye raba zangu. Toka mlangoni mpaka pale niliposimama palikuwa na alama za maji.

"Urbain..."

"Maji ya barabarani, Tantine."

"Mvua hainyeshi."

"Panga nguo."

Sasa wamegeuka wote. Mzee Salvator anataka nivunje safari kwa ajili yangu. Tantine naye anasema ziwa anaweza kuliona kwenye picha, hakuna shida, amezoea. Uongo. Juzi nilimkuta mbele ya kioo amevaa koti la kwenda nalo, anafanya kama mtu anayeegemea ukuta na kuangalia bondeni. Nitamwambia nini huyo? Akae? Nimewajibu wote kwenye status: picha ya jumba, tarehe ya ndege, jina langu kamili. Anayetaka kuziba njia aje, dukani anapajua.

Jebet amenifundisha kubeba. Mkono hivi, kiwiko hivi. Mimi naona kitambaa na kamba, basi. Yeye ndiye anayeniambia.

"Amelala," anasema. Au, "Amekushika kidole, usitoe." Hanitanii tena, na hilo ndilo linanitisha kuliko mengine yote. Nilimwambia nitamtia sandukuni siku ya safari. Alinitazama mpaka nikaona aibu, mimi, Urbain. Basi nitampakata. Wakiniuliza pale uwanja wa ndege nimebeba nini, nitajua la kusema nikifika, kama kawaida yangu.

Ndege ni Alhamisi. Jumapili baridi ilikuwa kwenye vifundo vya miguu yangu. Leo ni Jumanne, imeshapita magoti, na kasia nalisikia hata mchana, hata dukani katikati ya wateja, linakuja bila haraka. Natembea kwa kushika ukuta. Wakinicheka nawacheka.

Tutapanda. Tutakula chakula chao cha ndege. Tutafika kwenye ile bustani, Tantine ataangalia ziwa lake toka juu mpaka achoke, na mimi nitatafuta mahali pakavu. Yule mama alisimama majini mpaka kifuani, na bado aliweza kumnyanyua mtoto.

Na mimi nampita kwa urefu.